Kabari za magurudumu kwa ndege ndogo: mpira, mbao au alumini?

Kwa anayeegesha Caravan, Cessna 206 au Cessna 172 (zote ndege ndogo za injini moja) katika viwanja vyetu, uamuzi wetu ni huu: kituo kikuu kiwe na kabari za mpira mgumu zenye mteremko mpole, ndani ya ndege zibebwe jozi mbili za alumini zenye nyayo za mpira, na za mbao zitumike pale tu ambapo hakuna kingine. Maelezo yanayofuata ni ya kukusaidia kuchagua hata ukikuta dukani aina ambayo hatukuitaja. Vijana wengi wa maegeshoni huziita choki. Hapa tunasema kabari, neno ambalo seremala na utingo wa lori wanalijua tangu zamani.

Tumezipima kwa mambo manne: inashikaje sakafu kavu na sakafu yenye maji, inakaaje chini ya tairi ndege inapopakiwa, inadumu vipi kwenye jua, chumvi na mafuta, na inatoka kirahisi kiasi gani wakati wa kuondoka. Ndege tuliyoitumia kama kipimo ni Cessna 208B Grand Caravan EX, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kila siku Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha, Wilson ya Nairobi na viwanja vya mbugani. Uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 3,995. Tairi zake za kawaida za nyuma ni 6.50-10, kipenyo karibu sentimita 56.

Tuanze na swali ambalo wamiliki wengi huuliza: breki ya kuegeshea ipo, kabari ya nini? Breki hiyo hushikilia shinikizo la mafuta lililofungiwa ndani ya mirija. Mpira mdogo wa silinda ukivuja hata kidogo, shinikizo linapungua polepole na hakuna taa ya kumwambia mtu. Joto nalo lina lake. Ndege ikitua kwa uzito mkubwa kwenye kiwanja kifupi, diski za breki zinakuwa za moto sana, na mafuta yaliyofungiwa yakiwa moto hunywea yanapopoa. Jioni breki imekaza, usiku wa manane imelegea. Kwa sababu hiyo, kufunga breki ya kuegeshea wakati diski ni za moto ni kosa, na kinachoishika ndege muda huo ni kabari peke yake. Kabari zikishakaa sawasawa, rubani aachie breki ili diski zipumue.

Sasa hesabu kidogo, maana ndiyo inayotenganisha kabari nzuri na mbaya. Mteremko wa nafasi ya kuegesha kwenye uwanja uliojengwa kwa viwango vya kimataifa hautakiwi kuzidi asilimia 1. Kwa Caravan iliyojaa, mteremko huo unavuta ndege kwa nguvu ya takriban kilo 40, kiasi ambacho mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kukizuia kwa bega. Kwenye kiwanja cha changarawe chenye mteremko wa asilimia 4, mvuto unafika kilo 160. Bado si mkubwa. Lakini kabari ya mpira yenye uzito wa kilo mbili na nusu, ikisukumwa bila kukandamizwa na kitu, itateleza kwa nguvu isiyozidi kilo mbili. Kwa hiyo uzito wa kabari wenyewe hausaidii kitu. Kinachoifanya ishike ni tairi kuanza kuipanda na kuikandamiza chini.

Hapo ndipo umbo linapoamua kila kitu. Uso wa kabari ukiwa mkali, nyuzi 45 au zaidi, sehemu kubwa ya msukumo wa tairi inakwenda mbele na ndogo inakwenda chini, na kabari inateleza. Kwa nyuzi 45 unahitaji msuguano ulio sawa na uzito wenyewe unaoikandamiza, jambo ambalo sakafu yenye maji haitoi. Kwa nyuzi 30 unahitaji chini ya asilimia 60 ya hapo. Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia.

Angalia kabari ya pembe tatu ya kawaida, ile yenye kimo cha sentimita 10 na kitako cha sentimita 15. Mbavu zake zina nyuzi 53 hivi. Tairi la Caravan halifiki hata kulala kwenye ubavu huo. Linagusa ukingo wa juu, na msukumo wake unapita nje ya kitako. Kabari inapinduka, inalalia ubavu mwingine, inapinduka tena. Umbo hilo linapendwa kwa sababu halina mbele wala nyuma, ukilitupa chini linakaa. Kwa Caravan tunalikataa. Kwa Cessna 172 yenye tairi dogo linavumilika, mradi ndege imefungwa kamba.

Umbo tunalolipendekeza ni la upande mmoja: kimo sentimita 10, kitako sentimita 16 hadi 18, upana sentimita 25, na ulimi wa mbele mwembamba unaoweza kuingia chini ya mviringo wa tairi. Ulimi huo ukishakanyagwa, tairi lenyewe linaubana kwenye sakafu. Kimo kisikudanganye. Mtu akiona kabari ndefu anaona usalama, ilhali kwa gurudumu la sentimita 56 kikwazo cha sentimita 5 tu kisichosogea kinataka nguvu ya karibu asilimia 70 ya uzito ulio juu ya gurudumu ili kupandwa. Mteremko wa uwanja hautoi nguvu hiyo. Kabari zinashindwa kwa kuteleza na kupinduka. Ni nadra sana kwa ndege iliyozimwa kuzipanda.

Mpira unaongoza. Kabari ya vipimo hivyo, ikiwa ya mpira uliosindikwa upya, ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi, na inashika lami na zege hata baada ya mvua. Ikigongwa na tela la mizigo haivunjiki. Ikirushwa na upepo wa propela inaishia karibu. Kasoro yake ya kwanza ni mafuta. Mpira wa kawaida ukivimba kwa mafuta ya ndege unakuwa laini, unang'aa, na ukibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Kabari iliyofika hapo inateleza kama sabuni kwenye vigae. Kama maegesho yako yako karibu na mahali boza la mafuta linaposimama, ulizia mpira wa naitraili, ambao unastahimili mafuta vizuri zaidi. Kasoro ya pili ni vipande. Mpira uliosindikwa kwa gundi hafifu huanza kumeguka pembeni baada ya misimu kadhaa ya jua, na vipande hivyo ni takataka za kuvutwa na propela. Pindisha ulimi wake kwa mkono kabla ya kununua. Ukiona nyufa nyeupe zinafunguka, rudisha.

Jambo jingine la mpira ni rangi. Nyeusi tupu kwenye lami nyeusi usiku haionekani. Chagua zenye mistari ya njano iliyosubiwa ndani ya mpira, maana rangi ya kupakwa inabanduka ndani ya muda mfupi. Tena rangi ya mafuta iliyopakwa chini ya kabari inaondoa mshiko wote. Kitako kisipakwe rangi kamwe, hata kama meneja anataka vitu vipendeze.

Alumini tunaipa nafasi ya pili, na kwa kubeba ndani ya ndege tunaipa ya kwanza. Jozi ya alumini iliyo wazi ndani ina uzito mdogo sana ukilinganisha na jozi ya mpira ya kilo tano, na kwa Caravan inayokwenda mbugani kila kilo ya kabari ni kilo ya mzigo iliyoachwa. Inakaa chini ya kiti, hainuki, haichafui mikono. Tatizo ni mshiko. Alumini tupu juu ya zege lenye maji inateleza vibaya, kwa hiyo usinunue isiyo na nyayo za mpira zilizofungwa kwa skrubu. Kuna zenye meno chini. Meno hayo ni mazuri kwenye udongo na majani, yanakwaruza lami, na juu ya zege gumu hayashiki chochote.

Pwani kuna adui mwingine. Kagua kwa karibu pale skrubu ya chuma inapoingia kwenye alumini. Baada ya miezi michache ya hewa ya Zanzibar au Mafia utaona unga mweupe unaozunguka kichwa cha skrubu, kama chumvi iliyokaukia kwenye ngalawa. Hiyo ni alumini inayoliwa kwa kukutana na chuma kwenye unyevu wa chumvi. Tundu linapanuka, skrubu inalegea, unyayo wa mpira unadondoka, na skrubu yenyewe inabaki maegeshoni ikisubiri tairi la ndege inayofuata. Skrubu za chuma kisichoshika kutu hupunguza ila haziondoi tatizo. Suuza kabari kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki na upake grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu unapozirudishia.

Mbao zina wapenzi wake, na tunawaelewa. Fundi wa mtaani anakuchongea kabari ya mninga au mvule kwa vipimo unavyotaka, kwa nyuzi 30 kamili, kwa bei ndogo kuliko chochote kitokacho nje. Ikiwa mpya na kavu inashika vizuri. Baadaye inanywa mafuta, inanyonya maji, inapasuka kufuata nyuzi za mti, na vibanzi vinaanza kutoka. Zilizounganishwa kwa misumari ni hatari iliyo wazi: ubao unanywea, kichwa cha msumari kinachomoza, tairi linakanyaga. Kama ni lazima zitumike, zichongwe kwa gogo moja bila msumari, na chini ibandikwe kipande cha mpira wa tairi kuukuu kwa gundi. Mbao laini za kreti usiziguse.

Plastiki ngumu ya njano inapendeza, ni nyepesi, na haidhuriki sana na mafuta. Juu ya rangi ya alama za maegesho ikiwa na maji inateleza kuliko zote. Hatuishauri kwa mtu anayenunua aina moja tu.

Mawe hayastahili aya ndefu. Jiwe halina uso unaolingana na tairi, linageuka, na likisahauliwa linabaki mbele ya propela.

Kamba inayounganisha jozi ina umuhimu kuliko wanavyodhani wauzaji. Kabari mbili za gurudumu moja ziunganishwe kwa kamba ya nailoni yenye unene wa milimita 10 hadi 12, iliyofungwa fundo ndani ya tundu lililozama ili fundo lisiguse sakafu. Kamba ya polipropilini, ile ya bluu au ya njano ya madukani, inaunguzwa na jua mpaka inatoa vumbi mikononi, kisha inakatika siku unayoivuta kwa nguvu. Mnyororo usitumike, kwa kuwa ukirushwa unapasua kioo na kukwaruza mguu wa ndege. Urefu utoshe kuzunguka tairi kwa nje na kuacha kitanzi cha kushikia, ili mtu avute akiwa amesimama nje ya gurudumu bila kuingiza kichwa chini ya bawa. Kwenye kitanzi hicho funga utepe mwekundu mrefu kiasi cha rubani kuuona kutoka kwenye kiti chake, au walau kutoka mlangoni.

Hata kabari bora kabisa inaharibiwa na namna ya kuiweka. Tumeona ni vyema kueleza hatua kwa Caravan, kwa sababu ina tabia zake.

Injini ya Caravan, ya turbini iitwayo PT6, ikizimwa, propela haisimami papo hapo. Inaendelea kuzunguka kwa sekunde nyingi, mapanga yake yameshageuka ukingo kuelekea mbele, karibu kimya kabisa, na kipenyo chake ni mita 2.69. Masikio yanakwambia injini imezima, macho ndiyo ya kuyaamini. Asogee mtu pale tu propela imesimama kabisa, taa nyekundu ya kumweka imezimwa na rubani ametoa ishara. Njia ni kutoka nyuma ya bawa kuelekea magurudumu ya nyuma. Gurudumu la pua liko nyuma tu ya propela, kwa hiyo haliguswi mpaka hapo.

Weka kabari za gurudumu la kushoto mbele na nyuma, kisha za kulia mbele na nyuma. Jozi mbili ndizo kiwango cha chini. Baada ya hapo mhudumu anayeiongoza ndege maegeshoni kwa ishara anyooshe mikono juu ya kichwa na kuvileta vijiti vyake ndani kwa kudonoa mpaka vigusane, na asubiri rubani aitikie. Bila kuitikiwa, rubani hajui kabari zipo, na breki isiachiwe. Kama diski ni za moto, mwekaji akaribie tairi kwa mbele au kwa nyuma, asisimame ubavuni kuelekea rimu, maana rimu na tairi vikipasuka hurushwa upande huo.

Wapo wanaoweka kabari kwenye gurudumu la pua tu, kwa kuwa ndilo linaloonekana. Hapa tuko wakali. Sehemu kubwa ya uzito iko kwenye magurudumu ya nyuma, na pua inabeba kidogo. Sasa fungua mlango mkubwa wa nyuma wa Caravan, wapande watu wawili na waanze kupanga magunia mkiani. Pua inakuwa nyepesi, tairi la mbele linainuka kidogo kwenye kabari, na ile ambayo dakika tano zilizopita ilikuwa imebanwa sasa inaweza kusukumwa kwa mguu. Ndege haina kinachoishika. Mzigo ukizidi nyuma, mkia unagonga sakafu. Dawa ni kigingi cha kuegemezea mkia, kiwekwe kabla ya mlango wa mizigo kufunguliwa, na mzigo upangwe kuanzia mbele. Kigingi hicho hakichukui nafasi ya kabari, wala kabari haichukui nafasi yake.

Tabia ya pili ya Caravan iko kwenye miguu ya nyuma. Ni miguu ya chuma cha springi. Ndege ikijazwa abiria na mafuta, miguu inafunguka na magurudumu yanasogea nje kidogo. Kabari nyembamba iliyowekwa ndege ikiwa tupu inaishia kubanwa upande mmoja tu. Ndiyo maana tunasisitiza upana wa sentimita 25. Pia tairi linatepeta na kuvimba mbele na nyuma, na linaibana kabari iliyokuwa imegusana nalo. Acha nafasi ya kidole kati ya tairi na kabari wakati wa kuweka. Upande wa chini wa mteremko pekee ndio uguse.

Ikibanwa, kuna watu wanaoipiga kwa nyundo au kwa kisigino cha buti. Kabari ya mpira inarudi na kumgonga mpigaji kwenye mfupa wa mguu. Utaratibu mzuri ni rubani kushika breki, wahudumu wawili kuisukuma ndege upande wa pili kidogo kwa mguu wa ndege au kwa fimbo ya kuvutia baada ya rubani kuachia kwa ishara, kisha breki ishikwe tena na kabari itolewe. Ni dakika moja.

Kwa wanaohudumia ndege za jeti ukubwa wa kabari unabadilika, lakini kanuni ya kusubiri ni ile ile na gharama ya kuivunja ni kubwa zaidi. Tarehe 31 Desemba 2022, katika uwanja wa ndege wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, mhudumu wa maegesho alivutwa na injini ya Embraer 170 iliyokuwa imeshasimama kwenye nafasi yake, akafa. Breki ya kuegeshea ilikuwa imefungwa. Injini ndogo ya kutoa umeme ndani ya ndege ilikuwa haifanyi kazi, kwa hiyo injini kubwa ziliachwa zikiendelea hadi waya wa umeme wa ardhini uunganishwe, na wahudumu walikuwa wamekumbushwa hivyo kabla ndege haijafika. Alikuwa amekwenda na koni kwa nyuma, kisha akapita mbele ya bawa la kushoto, usawa wa injini. Ndege iliyoegeshwa siyo lazima iwe ndege iliyozima. Koni na kabari zinangoja.

Tukirudi kwa ndege ndogo zaidi, mwenye Cessna 172 yenye vifuniko vya magurudumu apime nafasi kati ya kifuniko na sakafu kabla ya kununua. Kabari ya sentimita 10 inagonga ukingo wa kifuniko ndege ikisogea kidogo tu, na faiba inapasuka. Kwa hizo chukua kabari fupi yenye ulimi mrefu, na utegemee kamba kwa kazi iliyobaki.

Na kazi hiyo ni kubwa, kwa sababu kabari haizuii ndege kunyanyuka. Bawa la 172 lina eneo la mita za mraba 16.2. Upepo wa kilomita 74 kwa saa ukiingia kwa mbele, hata bila bawa kufanya kazi kwa nguvu zake zote, unaweza kulivuta juu kwa zaidi ya kilo 200. Upepo huo si lazima utoke kwa kusi. ATR, ndege kubwa ya abiria yenye propela mbili, ikigeuka karibu na kuongeza nguvu inautoa bila taarifa ya hali ya hewa. Mabawa yote mawili na mkia vifungwe kwenye vishikizo vya ardhini kwa kamba ya nailoni au polista, ikilegezwa kiasi cha sentimita 2.5. Kamba ya katani, tunayoipenda kwa kazi nyingine zote, hapa haifai: ikilowa inajikaza na kuvuta muundo wa bawa, ikikauka inalegea, na ikikaa na unyevu inaoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima.

Caravan ina kamba moja ya ziada ambayo wengi wanaisahau: ya kushikilia propela. PT6 haina muungano wa moja kwa moja kati ya propela na sehemu ya injini inayokandamiza hewa, kwa hiyo upepo unaizungusha propela kirahisi ndege ikiwa imeegeshwa, na beringi zinazunguka bila mafuta kupita. Ifungwe, pamoja na kuziba midomo ya hewa pindi injini inapopoa. Mirija ya kupimia mwendo nayo ivalishwe soksi zake, kwani nyigu wanaofinyanga udongo huweza kuziba mrija ndani ya muda mfupi sana. Vyote hivi viwe na utepe mwekundu na vihesabiwe pamoja na kabari. Tarehe 18 Julai 2018, Airbus A330 iliruka kutoka Brisbane, Australia, ikiwa na vifuniko vya mirija hiyo, vilivyowekwa kwa sababu ya nyigu hao hao. Ilirudi na kutua salama bila vipimo vya mwendo. Tepe nyekundu zilikuwepo. Hesabu haikufanyika.

Kwa kabari, hesabu ni rahisi: kila moja iandikwe namba ya ndege na namba yake, na iwe na mahali pake pa kuwekwa penye mchoro wa umbo lake, ili nafasi iliyo wazi ionekane hata kwa mtu anayepita. Rubani akiona ndege haisogei kwa nguvu ya kawaida ya kuanzia, asiongeze. Azime. Ndege iliyolazimishwa kupanda kabari hushuka upande wa pili kwa kishindo, pua inainama, na propela inakaribia sakafu. Propela ikigusa ardhi, gharama ya ukaguzi wa injini ni mara nyingi sana ya bei ya kabari zote uwanjani.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili hapo dukani au kwenye karakana. Panga kabari mbili sambamba juu ya zege, zimwagie maji. Weka ubao juu yake na dumu la lita 20 lililojaa maji juu ya ubao. Funga kwenye kabari mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia mizigo ya safari, uvute taratibu sambamba na sakafu. Jumla ya uzito wa dumu, ubao na kabari ikiwa kilo 27, mzani usomeke angalau 16 kabla hazijasogea. Zikisogea kwa 8 au 9, ni za mapambo tu. Kisha rudia ukiwa umepaka tone la mafuta ya ndege chini ya kitako na kupangusa, maana hivyo ndivyo sakafu ya maegesho ilivyo siku nyingi.

Kabari zilizopo rudia kuzijaribu hivyo kila miezi sita. Za mpira tupa zikiwa laini, zimemeguka ulimi au zimepinda kitako kiasi cha kuona mwanga chini yake ukiiweka juu ya kioo. Za alumini tupa zikipata ufa kwenye kona, hata mdogo kama unywele. Kamba badilisha kila mwaka, na utepe mwekundu mara tu unapokuwa wa waridi.